Wimbo wa Kisigino

1

"Kisigino kwanza," nilimwambia. "Kisigino kitangulie, vidole vifuate."

Mwanangu Lugano alikuwa amebakiza wiki mbili kutimiza miaka minne. Alisimama mwisho wa ua wetu, mbele ya migomba, akiwa amenyanyuka juu ya vidole vyake kama mtu anayechungulia ng'ambo ya ukuta. Hivyo ndivyo alivyotembea tangu alipoanza kutembea, naye alichelewa kuanza. Akichoka, kiuno chake kiliyumba upande mmoja kisha upande wa pili, na watoto wa jirani walimwita Bata. Hakukasirika. Aliwajibu kwa sauti ya bata, wakacheka wote.

"Mama, kisigino hakitaki."

"Kinataka. Hakijaambiwa vizuri tu."

Nilirudi kwenye kinu. Mashine za kukoboa zilikuwepo kila kona ya Itekele, zikiendeshwa na jua, lakini mahindi ya kande tuliendelea kuyatwanga kwa mikono, kwa kuwa mashine huyavunja. Nilinyanyua mchi na kuushusha. Nikaimba wimbo ambao mama yangu aliutumia ili mikono isichoke:

*Mchi ushuke, mahindi yaitike,
mgeni yu njiani, chungu kichemke.*

"Mchi ukigusa kinu, kisigino chako kiguse chini," nilimwambia. "Usifikirie mguu. Sikiliza mchi."

Alifumba macho. Mchi ukashuka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kisigino cha mwanangu kikatangulia kugusa ardhi. Akapiga hatua ya pili, kisha ya tatu. Alipofika kwangu alifumbua macho, na uso wake ulijaa furaha kiasi kwamba nilishindwa kumtazama.

Sikumfundisha ili apone. Nilimfundisha ili adanganye.

Mwaka huo sheria ya Sakafu ilikuwa imetimiza miaka sita. Kila mtoto, akifikisha miaka minne, alipelekwa zahanati kutembea juu ya Sakafu mara tatu. Zamani daktari alimtazama mtoto kwa macho yake na kuandika alichokiona, lakini ilionekana kwamba macho ya mtu yanaweza kuhongwa, au kuchoka, au kuwa na huruma mahali pasipostahili. Sakafu haikuwa na ndugu. Mtoto iliyemkataa aliingizwa kwenye Orodha, na mtoto wa Orodha alichukuliwa kwa ndege isiyo na rubani hadi Kituo cha Uwandani, akatibiwe kwa miaka miwili katika vyumba ambavyo hata hewa yake huchujwa. Dawa ile ilijenga misuli upya, lakini ilibomoa kinga ya mwili. Mafua ya mama yangeweza kumuua mtoto. Kwa hiyo mama hakuruhusiwa kufika. Alimwona mwanawe kwenye skrini, dakika kumi kila Jumapili.

Dada yangu Enesia alimtoa mwanawe Asajile akiwa na miaka minne, akampokea akiwa na sita. Nilikuwepo kwenye uwanja wa ndege siku hiyo. Asajile alishuka akikimbia, miguu imenyooka, hakuna aliyeamini. Alipofika mbele ya mama yake alisimama umbali wa hatua tatu, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo." Kisha akageuka kumtafuta mhudumu aliyekuja naye, akamshika mkono, na hakutaka kuuachia.

Enesia hakulia. Aliitikia, "Marahaba, baba." Tangu siku hiyo sijamsikia akicheka.

Mume wangu alifariki nikiwa na mimba ya Lugano. Sikuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba yangu.

2

Siku ya zamu yetu nilimvisha Lugano shati la Krismasi. Chumba cha Sakafu kilikuwa kirefu, chenye benchi la kina mama upande mmoja. Sakafu yenyewe ilikuwa bamba jeusi linalong'aa, urefu wa hatua kumi na tano za mtoto, na chini yake kulikuwa na maelfu ya vipimo vidogo vilivyohisi uzito: kisigino kimegusa lini, vidole vimeondoka lini, mguu wa kulia umesubiri kiasi gani kabla ya wa kushoto. Mtoto alipomaliza, taa ya ukutani iliwaka kijani au njano. Mambo mengine yote ilifuta. Hata hatua zenyewe haikuzihifadhi.

Ukutani palikuwa na tangazo. Nilikuwa nimejifunza kusoma mwaka uliotangulia, katika darasa la watu wazima pale ghalani, na bado nilifuata maneno kwa kidole. *Mtoto anayetembea kwa vidole baada ya miaka mitatu. Mtoto anayeyumba kama bata. Mtoto anayeanguka mara kwa mara. Mtoto ambaye mashavu ya miguu yake ni makubwa na magumu kupita kawaida.* Hili la mwisho lilinishtua. Miguu ya Lugano ilikuwa minene chini ya goti, nami nilikuwa nikijisifu kwa majirani kwamba nimezaa mchezaji wa mpira. Nikaendelea. *Mtoto huyo huenda akahitaji kupelekwa Uwandani.*

Hapo nikaondoa kidole. Chini yake palikuwa na mistari miwili zaidi. Sikuisoma.

Zahanati yetu, kama zahanati nyingine, huanza kazi kwa wimbo wa afya. Mwimbishaji wa kina mama nilikuwa mimi. Nilisimama, nikaanza ule wa maji ya kunywa, ambao kwa muda wa mwezi mzima nilikuwa nimeusogeza taratibu, bila mtu kutambua, hadi ukafuata mapigo ya mchi:

*Maji tuchemshe, wana watulie,
choo tukifunike, nzi asirudie.*

Kina mama wakaitikia na kupiga makofi. Lugano akafumba macho na kutembea.

"Hee, mtazameni!" alisema mama mmoja. "Anatembea kama diwani anayekwenda kuzindua kisima!"

"Bado kitambi tu," akajibu mwingine, na benchi zima likacheka.

Alitembea mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Taa ikawaka kijani.

Nilipokuwa nikimvalisha viatu, Daktari Subilaga Mwambene alikuja kuchuchumaa karibu yetu. Alikuwa mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe, aliyewatazama watoto wa Itekele kwa miaka thelathini kabla ya Sakafu. Sasa kazi yake ilikuwa kugonga muhuri kwenye kadi. Alichukua kiatu kimoja mkononi mwangu na kukigeuza.

"Mama Lugano, kiatu hiki kimelika mbele, kwenye vidole. Kisigino chake ni kipya."

"Ni cha kurithi, Daktari. Kilikuwa cha binamu yake."

Alipitisha kidole gumba chake kwenye soli, polepole.

"Sheria hairuhusu jicho langu lipingane na Sakafu," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini mzazi akisema neno moja tu, kwamba ana wasiwasi, naruhusiwa kumtazama mtoto mwenyewe. Neno hilo ni la mzazi peke yake. Una wasiwasi, mwanangu?"

Lugano alikuwa ameegemea bega langu, akinukia sabuni.

"Sina," nilisema.

Daktari akanirudishia kiatu.

3

Nilipata mwaka mmoja na miezi mitano. Siwezi kusema haikuwa miezi mizuri. Alijifunza kuhesabu, akahesabu kila kitu: mayai, migomba, milio ya jogoo. Alinipigia mbinja nilipochelewa shambani. Kila jioni alilala akiwa ameshika ncha ya kanga yangu.

Kisha akaacha kupanda mteremko wa kisimani. Kisha akaanza kuanguka pasipo na kitu cha kumwangusha. Asubuhi moja nilimwona akiinuka kutoka mkekani kwa kujisukuma na mikono, nikaangusha sufuria ya uji.

Nilimbeba hadi zahanati. Nilimwambia Daktari Subilaga, kabla hata ya kumsalimu, "Nina wasiwasi."

Hakuniuliza kwa nini sasa. Alifunga mlango, akamvua Lugano viatu na suruali, akambakiza na kaptura. Alimtaka atembee hadi dirishani na kurudi, akamtazama kwa mbele, kwa nyuma, kisha kwa ubavu. Alimtaka akimbie. Lugano aliharakisha tu, tumbo likitangulia na mabega yakibaki nyuma. Akamminya mashavu ya miguu, akakunja vifundo vyake vya miguu kuona vinafika wapi. Wakati wote huo aliniuliza maswali bila kuniangalia.

"Alianza kutembea akiwa na umri gani?"

"Miezi kumi na tisa."

"Upande wa kwenu, kuna mwanamume aliyewahi kushindwa kutembea?"

"Asajile, mtoto wa dada yangu, aliyepelekwa Uwandani." Nikaikunja suruali ya Lugano. "Na kaka yangu Ambilikile. Alibebwa mgongoni hadi alipofariki, akiwa na miaka kumi na sita. Nyumbani tulisema amerogwa. Mpaka leo hatusalimiani na jirani aliyeshukiwa."

"Jirani huyo hakufanya lolote," alisema Daktari. "Ugonjwa huu hupita kwa akina mama na kuwapata watoto wa kiume." Kisha akamgeukia mwanangu. "Sasa baba, lala chali hapa chini. Nikikwambia, simama haraka uwezavyo. Mimi nitahesabu."

"Najua kuhesabu," alisema Lugano.

"Basi tuhesabu pamoja."

*Moja, mbili.* Alijigeuza akalala kifudifudi. *Tatu, nne, tano.* Alisimika mikono yote miwili sakafuni, akanyanyua makalio. *Saba, nane.* Mkono mmoja ukaenda kwenye goti, wa pili ukafuata. *Kumi, kumi na moja.* Mikono ikapanda mapajani, ikivuta na kusukuma. Alikuwa anapanda mti, na mti ule ulikuwa mwili wake mwenyewe. Alipofika juu alitabasamu.

"Kumi na nne!" alisema. "Nimeshinda?"

"Umefanya vizuri sana," alisema Daktari Subilaga. Akainuka, akaenda dirishani, akasimama akiwa ametupa mgongo.

Aliporudi alinionyesha tangazo, lile lile, ambalo sasa lilikuwa ukutani mwa chumba chake. Hakuweka kidole chake. Alisubiri mimi niweke changu. Nilisoma ile mistari miwili ya chini: *Matibabu humfaa tu mtoto anayeweza kusimama kutoka chini ndani ya sekunde kumi. Baada ya hapo, dawa haipati msuli wa kuushika.*

"Pengine alivuka kumi miezi minne iliyopita," alisema. "Pengine mitano. Siwezi kusema kwa hakika."

"Angelikwenda siku ile ya viatu?"

Nilitamani anidanganye, naye aliliona hilo.

"Angelikimbia," alisema.

4

Nilikuwa nimemfundisha mtu mmoja wimbo ule. Bupe ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, na ua wake unapakana na wangu. Alizaa watatu, akazika wawili, akabaki na Ipyana. Mtoto huyo naye alitembea kwa vidole. Bupe alipoona taa ya kijani ya Lugano alikuja na jogoo mikononi, akaniambia, "Dada, nifundishe." Sasa Ipyana alikuwa anatimiza miaka minne, na zamu yake ilikuwa Jumatano iliyokuwa inakuja.

Nilimpeleka Lugano uani kwa Bupe. Nilimlaza kwenye nyasi, nikamwambia asimame. Sasa zilikuwa sekunde kumi na sita. Bupe alikuwa akichambua maharage, na alipoona mikono ile ikipanda mapajani alirudisha macho kwenye ungo.

"Mlaze na wako," nilisema.

"Ipyana hana tatizo hilo."

"Mlaze, Bupe."

Ipyana alilala mwenyewe, kwa kudhani ni mchezo. Lugano akamhesabia kwa sauti kubwa. Alisimama kwenye nane, naye pia alishika goti.

"Bado muda upo," nilisema. "Umebaki mdogo. Mwambie Daktari neno moja."

"Ili iweje? Arudi kama Asajile? Aniamkie kama mwalimu wake?" Alizungusha ungo kwa nguvu, maharage yakaruka. "Wako yupo. Jioni analala kwenye kanga yako. Ulipokuwa unamficha ulikuwa mama, na mimi nikimficha nimekuwa mchawi?"

"Nilikosea."

"Ulikosea ukapata mwaka na nusu. Na mimi nipe wangu."

Miezi ile nisingeweza kuirudisha hata kama ningeombwa. Nilimwambia tu: "Jumatano sitaimba."

Bupe aliniangalia, kisha akatabasamu kama anavyotabasamu mtu anayemfahamu mwenzake tangu utotoni.

"Utaimba, dada. Huwezi kumsimamisha mtoto wangu pale peke yake."

Nilikwenda kwa Daktari Subilaga. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia nilichokijua tayari: neno ni la mzazi. Neno langu halikuwa na uzito juu ya mtoto asiye wangu. Nilichokuwa nacho ni wimbo.

Jumatano benchi lilijaa. Ipyana alisimama ukingoni mwa Sakafu na shati jeupe lililofungwa hadi shingoni. Kina mama walinigeukia. Bupe hakunigeukia. Aliketi akitazama mbele, mikono mapajani, akisubiri.

Niliimba. Kweli, niliimba. Nilifungua kinywa nikiwa nimekusudia kunyamaza, na wimbo ukatoka wenyewe, *maji tuchemshe, wana watulie*, na Ipyana akafumba macho, visigino vyake vikagusa bamba lile jeusi kimoja baada ya kingine, safi kabisa. Alikwenda mara ya kwanza. Akageuka, akarudi mara ya pili. Bupe alikuwa anatikisa kichwa kidogo kufuatana na mapigo.

Mara ya tatu alipofika katikati nilimwona Lugano. Nilikuwa nimemkalisha kwenye mkeka karibu na mlango. Alikuwa anahesabu hatua za mwenzake kwa midomo, bila sauti.

Nilinyamaza.

Makofi yaliendelea kidogo, yakapotea njia, yakazimika. Hakuna aliyejua kushika wimbo, kwa kuwa mwimbishaji alikuwa mimi. Bupe alianza kuuimba mwenyewe, sauti ikakatika katika neno la kwanza. Ipyana alisimama katikati ya Sakafu, akafumbua macho, akanitafuta kwenye benchi.

"Mama mkubwa," alisema. "Imba."

Niliziba kinywa changu kwa kanga.

Alisubiri. Watoto husubiri kwa imani ambayo sisi hatuna. Kisha, alipoona hakuna kinachokuja, akamalizia safari yake kwa namna yake mwenyewe, juu ya vidole, akiyumba, mikono imepanuliwa kama kifaranga. Taa ikawaka njano.

Bupe alimfuata mwanawe, akachuchumaa, akamvalisha viatu. Kimoja, kisha cha pili. Alipopita mbele yangu alisimama.

"Sasa tumelingana," alisema.

Hatukulingana. Alilijua hilo, nami nililijua, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na nguvu ya kusema nani alikuwa amepoteza zaidi.

Ndege ilikuja Jumamosi, saa nne asubuhi. Sikwenda uwanjani. Tuliiona kutoka uani, ikipita juu ya migomba bila kelele, ikielekea tambarare. Lugano aliipungia mkono hadi ikawa nukta.

"Ipyana atarudi anakimbia?"

"Atarudi anakimbia."

"Halafu mimi?"

Ng'ambo ya ua mchi wa Bupe ulianza kushuka. Hakuwa na mtu wa kumpikia kande, lakini alitwanga, na hakuimba.

"Mama, nihesabie," alisema Lugano. Alikuwa amejilaza chali kwenye nyasi. "Leo nitafanya haraka."

Nilihesabu. Alijigeuza, akasimika mikono, akanyanyua makalio, mkono mmoja ukaenda gotini. Nilihesabu polepole kuliko inavyopasa, nikiacha nafasi kati ya namba na namba ili namba ziwe chache. Alinikatiza akiwa ameinama vile vile, pumzi zikimpanda.

"Mama, usinidanganye. Hesabu sawasawa."

Nikaanza upya, sawasawa, kwa mapigo ya mchi wa jirani. Nilipofika ishirini na tatu niliacha kuhesabu, nikaenda kumnyanyua.